Ujumbe wa mafua ya ndege ukiingia kwenye grupu: la kufanya kabla hujampigia mchuuzi

Januari 2017 jirani yangu aliuza kuku wa mayai mia moja na ishirini kwa shilingi 3,500 kila mmoja, usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu. Walikuwa wanataga vizuri na hakuna aliyekuwa mgonjwa. Alichokuwa nacho ni voisi ya dakika mbili ya mtu anayehema, akisema mafua ya ndege yameshavuka Mutukula, mpakani na Uganda, na kesho watu wa serikali wanapita nyumba kwa nyumba kuchoma kuku.

Voisi ile haikutungwa hewani. Mwezi huohuo Uganda ilikuwa imetangaza kwamba ndege wa majini, buabua, wanakufa ufukweni mwa Ziwa Victoria kule Lutembe, karibu na Entebbe, na kwamba bata na kuku wa nyumbani wamekutwa na virusi upande wa Masaka. Aina yake ilikuwa H5N8. Kenya ikafunga mlango kwa kuku na mayai ya Uganda. Sisi wa Bukoba tunajua Masaka iko wapi, kwa hiyo uongo ulikuwa umekaa juu ya kigoda cha ukweli. La kupikwa lilikuwa lile neno moja, "yameshavuka".

Mchuuzi aliyekuja na gari usiku ule alishusha matenga yake uani, yale matenga ya plastiki, yakiwa na kinyesi cha kuku wa watu wengine. Asubuhi kuku wangu wa kienyeji wakaenda kudonoa pumba zilizomwagika pale. Siku ya sita wakaanza kuharisha kijani, wengine shingo zikajipinda kama kamba inayosokotwa. Kideri, ugonjwa wa kuku unaoitwa pia Newcastle. Kati ya arobaini walibaki tisa. Na mimi ndiye ninayeuza chanjo ya kideri mjini, sikuwa nimechanja hata mmoja. Mganga hajigangi.

Tangu hapo nimekuwa na utaratibu wangu, na kwa kuwa ni admini wa grupu la wafugaji lenye watu zaidi ya mia mbili, nimeutumia mara nyingi kuliko nilivyopenda. Nauandika hapa jinsi ninavyoufanya.

Bandani kwanza, simu baadaye

Ukisikia ujumbe, weka simu chini uende bandani. Usimpigie mchuuzi, usihamishie kuku kwa dada yako kijijini, usichinje "kabla hawajafa". Virusi vya mafua ya ndege vinasafiri vizuri sana kwa matenga, trei za mayai, matairi ya bodaboda na soli za viatu. Hofu ikiwafanya watu mia mbili wasafirishe kuku usiku mmoja, hata kama ugonjwa ulikuwa na banda moja tu, umeshapewa nauli.

Bandani chukua daftari. Andika waliokufa leo, jana na juzi. Angalia kama chakula cha asubuhi kimebaki, kama mayai yamepungua, kama kuna yaliyotagwa bila ganda. Angalia upanga na ndevu za kuku: zikigeuka bluu au zambarau, kichwa kikivimba, na kuku kadhaa wakaanguka ndani ya siku moja au mbili, wengine bila hata kuonyesha dalili, hapo una sababu ya kushtuka. Lakini elewa kwamba kideri kikali nacho kinaweza kukuonyesha picha ileile. Hakuna jicho linaloweza kutofautisha, si langu wala la bwana mifugo. Ni maabara. Na mwenye bata asijifariji kwamba bata ni wazima, maana bata anaweza kubeba virusi akatembea navyo kama hana habari.

Kama hakuna vifo, chakula kimeisha na mayai ni yaleyale, basi umeshapata habari ya maana kuliko voisi yoyote. Sasa rudi kwenye simu.

Neno "mafua" lenyewe linatuponza

Hili nataka nilikalie kidogo, kwa sababu nusu ya vurugu ninazozima zinaanzia hapa.

Siku moja kijana aliingia dukani, duka likiwa limejaa. "Shikamoo mama. Kuku wangu wana mafua, naomba dawa." Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza wangapi. "Karibu wote." Nyuma yake alikuwepo mama mwingine ananunua pumba. Sijamaliza hata kumuuliza yule kijana kama pua zina harufu, simu yangu ikalia: mafua yameingia Kashai, hapa Bukoba, kuku wote wanakufa.

Kuku wa yule kijana walikuwa na ule ugonjwa tunaouita mafua ya kuku siku zote: uso umevimba, pua inatoa makamasi yenye harufu mbaya, wanakoroma usiku. Huo unaletwa na bakteria, unatibika kwa dawa ya kuandikiwa na mtaalamu, na kwa kawaida wanaugua wengi lakini wanakufa wachache. Mafua ya ndege ni kitu kingine kabisa: ni virusi vya influenza, na vile vikali ni vya kundi la H5 na H7. Kideri nacho ni virusi, ila vya ukoo mwingine. Magonjwa matatu, na lugha yetu imeyapa mawili jina moja.

Kwa hiyo kwenye grupu letu kuna sheria: hakuna kuandika "mafua" peke yake. Andika unachokiona. "Wanakoroma, pua zinanuka, amekufa mmoja." Au, "Wamekufa kumi na wawili tangu jana, vichwa vimevimba." Watu walilalamika mwanzoni kwamba nawafanya waandike insha. Sasa wamezoea.

Jinsi ya kuusoma ujumbe

Natafuta mambo manne: wapi, lini, nani amesema, na aina gani ya virusi. Ujumbe wa kweli kwa kawaida unataja wilaya au kata, una tarehe, na umetoka kwa mtu mwenye cheo kinachoweza kupigiwa simu. Ujumbe wa uongo unasema "leo asubuhi", na hiyo leo inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita. Angalia vile vishale viwili juu ya ujumbe wa WhatsApp: maana yake umeshapita mikononi mwa watu watano au zaidi. Hiyo haithibitishi kwamba ni uongo, ila inathibitisha kwamba aliyekutumia hajui ulikotoka.

Picha ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kuna moja ya watu waliovaa mavazi meupe kichwa hadi mguu, wanatupa magunia ya kuku shimoni. Kila mwaka inarudi, kila mwaka ni "Mwanza". Niliitazama vizuri siku moja: nyuma kuna kibao chenye maandishi ya Asia. Ukiiweka picha kwenye Google Lens utaona imeanza kuzunguka lini. Kama hujui kutumia, mpe mtoto wa kidato cha pili, dakika moja imekwisha.

Kuhusu mlipuko wenyewe, nchi zikithibitisha mafua makali ya ndege zinatakiwa kulijulisha Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao yake Paris, na taarifa hizo zinawekwa wazi mtandaoni. Lakini kwa mfugaji wa kawaida mtu wa kumuuliza ni bwana mifugo wa kata na daktari wa mifugo wa wilaya. Namba zao ziwe nazo kabla. Mimi nimezibandika ukutani dukani, juu ya mzani.

Na yule anayesema "serikali inaficha"? Usibishane naye. Ni kweli kutangaza kunagharimu. Uganda ilitangaza ikafungiwa soko palepale, na kila mtu aliona. Ukimwambia serikali haiwezi kuficha kitu atakucheka, na watu watacheka naye. Muulize tu: "Bandani kwako wamekufa wangapi?" Mara nyingi jibu ni sifuri, na mazungumzo yanakuwa mengine.

Tena si kila uvumi ni uzushi. Kwa miaka mingi tuliwacheka waliosema kuna wafugaji wanawapa kuku na nguruwe dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwaka 2023 ikawa gumzo Uganda, na watu wa mamlaka ya dawa kule walikiri mbele ya bunge kwamba walikuwa wanajua. Ndiyo maana simkaripii mtu kwa kuuliza. Namkaripia kwa kufowadi.

Vita vya kienyeji na broila

Ukishazima hofu, unabaki na ugomvi. Wenye kuku wa kienyeji wanaandika kwamba mafua ni ugonjwa wa broila na mashamba makubwa, kuku wa asili ana kinga yake. Wenye mabanda makubwa wanajibu kwamba ninyi mnaoachia kuku wazurure ndio mnatuletea magonjwa. Ukiwa admini, hapa ndipo utakapochoka. Mimi nawapa wote wawili mifano, kila upande upate wa kuuma.

Afrika ilithibitisha mafua ya ndege ya aina ya H5N1 kwa mara ya kwanza Februari 2006 nchini Nigeria, katika shamba kubwa la biashara huko Kaduna. Uholanzi mwaka 2003 virusi vya H7N7 viliingia kwenye mashamba ya kisasa kabisa, kuku na ndege wapatao milioni 30 wakauawa, watu 89 wakathibitishwa kuambukizwa, na daktari mmoja wa mifugo akafa. Afrika Kusini mwaka 2023 mabanda makubwa ya mayai yalipigwa hadi mayai yakaadimika madukani. Kwa hiyo ukuta na geti havitoshi.

Sasa upande wa pili. Hong Kong mwaka 1997, waliougua H5N1 walikuwa 18, sita wakafa, na njia kubwa ilikuwa masoko ya kuku hai. Serikali ikaua kuku wote kisiwani na viungani, zaidi ya milioni moja. Uganda 2017 ilikuwa ndege wa porini, kisha bata na kuku wa nyumbani. Kinga ya kienyeji haikuonekana.

Wanaoyashutumu mashamba makubwa wana hoja moja ambayo siikatai. Virusi vinaweza kukaa kwa bata bila kelele. Vikiingia kwenye banda la maelfu ya kuku wa mbegu moja, wa umri mmoja, wanaopumuliana, vinapata uwanja wa kukimbilia, na kirusi cha H5 au H7 kilichokuwa kipole kinaweza kubadilika humo kikawa cha kuua. Imeshatokea zaidi ya mara moja. Wanapokosea ni wanaposema kirusi kimetengenezwa na kampuni ili iuze chanjo.

Angalia ya mwaka 2009. Mafua ya H1N1 yalipoanza Meksiko, vidole vyote vikaelekea kijiji cha La Gloria, Veracruz, jirani na mashamba makubwa ya nguruwe. Nguruwe wa pale walipopimwa hawakukutwa nayo. Miaka saba baadaye watafiti wakaonyesha kwamba ndiyo, virusi vilitoka kwa nguruwe wa Meksiko, ila wa sehemu za katikati na magharibi mwa nchi. Mnyama alikuwa huyo, kijiji hakikuwa hicho. Na kwa sababu ya jina tu, "mafua ya nguruwe", Misri ikaamua kuua nguruwe wake wote, kama laki tatu, wengi wakiwa wa wazoa taka wa Kairo ambao walikuwa wanawalisha mabaki ya jiji. Binadamu walikuwa wanaambukizana wao kwa wao. Nguruwe wakaisha, mafua yakabaki, na takataka zikaanza kurundikana mitaani.

Maoni yangu, na wengi hawayapendi: walio hatarini zaidi hapa kwetu ni sisi wa katikati. Una kuku wa mayai mia tatu kwenye banda la mabanzi, wamebanana kama wa shamba kubwa, lakini wavu umetoboka, yangeyange wanaingia kula chakula, bata wanashiriki beseni la maji, na gambuti unazoingilia bandani ndizo unazoendea mnadani. Tumechukua msongamano wa tajiri na uwazi wa maskini. Halafu tunanunua vifaranga vya bei nafuu vinavyopita njia za panya usiku, bila cheti. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa Namanga, mpakani, na watu wakalia sana, mimi pia sikulala vizuri. Lakini kifaranga kilichovushwa kwenye boksi usiku hakuna aliyekipima, na anayekinunua hapaswi kuwaogopa buabua.

Kwa hiyo ugomvi ukipamba moto, mimi huandika kazi za kufanya: ziba wavu. Weka gambuti za bandani tu, zisitoke. Beseni la dawa mlangoni, libadilishwe kila siku, maana maji machafu yenye jina la dawa hayaui kitu. Bata mbali na kuku. Mchuuzi aishie getini, kuku utamletea wewe, kwenye tenga lako. Hizo zinamfaa mwenye kuku kumi na mwenye kuku elfu kumi.

Jinsi ya kujibu

Usirudie uvumi ndani ya jibu lako. Ukiandika "si kweli kwamba mafua yameingia Bukoba", kuna atakayesoma kipande cha mwisho tu. Na usimwaibishe aliyetuma, mpigie pembeni, "Mwanangu, hii umeipata wapi?" Huwa naandika hivi, baada ya kupiga simu kweli:

"Ndugu wafugaji, habari za jioni. Nimeongea na daktari wa mifugo wa wilaya saa 11 hii. Hakuna mlipuko uliothibitishwa hapa kwetu. Usiku huu hakuna kuuza, kuhamisha wala kupokea matenga. Kila mmoja aandike: kuku wangapi, wamekufa wangapi tangu juzi. Mwenye vifo vya ghafla anipigie, asiandike hapa."

Sentensi ya mwisho ina sababu. Wachuuzi wamo kwenye grupu. Ukiandika kwamba kuku wako wanakufa, mchuuzi atafika kabla ya daktari, na atakupa bei.

Kisha nasema hayohayo kwa voisi, sekunde arobaini, kwa sauti ya kawaida. Uvumi ulikuja kwa sauti, na wazee wengi hawasomi maandishi marefu.

Kama vifo ni vya kweli

Funga banda. Mtu mmoja tu aingie, amefunika mdomo na pua, na akitoka anawe kwa sabuni hadi viwiko na kuvua nguo za bandani. Watoto wasishike kuku. Usichinje anayeumwa, usile aliyekufa, usiwape mbwa, usitupe migombani wala ziwani. Mzoga usiupasue kuangalia ndani, nawajua wanaume wa Kagera na visu vyao. Mpigie bwana mifugo. Sampuli itachukuliwa na wenye vifaa na kupelekwa maabara. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inakutaka utoe taarifa. Najua hofu ya watu ni kwamba wataua kuku wote waondoke, na siwezi kuwalaumu kwa hofu hiyo. Ila nimeona mtu aliyeficha vifo vyake akamaliza kuku wa ukoo mzima.

Ukishika kuku wagonjwa kisha ndani ya siku kumi ukapata homa, kikohozi au macho mekundu, nenda kituo cha afya na useme kabisa kwamba umeshika kuku wagonjwa. Usiposema utapimwa malaria na kurudishwa nyumbani.

Kuku mzima, aliyepikwa hadi nyama haina wekundu, hana shida. Joto la nyuzi 70 linaviua virusi hivi, na sufuria ya kuku na ndizi inapita hapo mbali sana. Mayai yaive hadi kiini kigande. Maziwa chemsha kama ulivyofundishwa na bibi. Tangu 2024 Marekani H5N1 imekutwa hadi kwenye maziwa ya ng'ombe, na wale wanaojisifu kunywa mabichi waache hadithi hizo hukohuko.

Na chanja kideri, maana ndicho kinachotuulia kuku mwaka hadi mwaka bila voisi wala picha. Temevac, tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, kuku wote siku moja. Haikingi mafua ya ndege. Inakupunguzia tu vifo vya kukuchanganya, ili siku kuku wakianguka ujue una jambo la kupigia simu.

Jirani yangu alinunua wengine, sasa anao zaidi ya mia mbili. Siku ya chanjo tunaanza alfajiri kabla jua halijachoma. Yeye anakamata na kuhesabu kwa sauti, mimi nadondosha. Akifika mia moja na ishirini ananyamaza kidogo, ananitazama, kisha anaendelea.